Mpwa Wangu Atalala Wapi?

Mwezi uliopita, siku ya Jumapili baada ya ibada, mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu pamoja na mama yake, uso umemwangaza. Amechaguliwa kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika ukoo wetu hajapata kutokea mwanamke aliyefika huko. Mke wangu akapiga vigelegele hata majirani wakadhani pana posa. Furaha ilipotulia, binti akanikabili akasema, "Mjomba, nitakaa wapi?" Sisi watu wa Masasi twajua kwamba mjomba haulizwi jambo la namna hii kwa heshima tu, mambo yakiharibika, yeye ndiye mwenye kulaumiwa.

Dada yangu alikuwa na jibu tayari. Mtoto akae Mbagala kwa baba yake mdogo, maana huko wako watu wengi wa kwetu, naye atalindwa. Aliogopa bweni, na mimi sikumcheka, kwa kuwa bweni nalijua.

Naliingia chuo hicho mwaka 2009. Yako mabweni ya zamani Mlimani penyewe, mahali chuo kilipohamia mwaka 1964 baada ya kuanza mjini mwaka 1961. Na yako mengine ya mbali kidogo, kama yale ya Mabibo, ambayo humlazimu mwanafunzi kupanda gari kila asubuhi. Bweni nililopewa mimi silitaji jina, kwa sababu kosa halikuwa la jengo. Chumba chetu kilikuwa cha watu wanne, nasi twalilala saba. Wanafunzi huliita jambo hilo kubebana: aliyepata kitanda humbeba mwenzake aliyekosa, wakalala mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni pa yule. Ni huruma njema, wala siilaumu. Mimi mwenyewe nalimbeba kijana mmoja wa Songea mwaka mzima.

Kusema kweli, sijapata kucheka maishani kama nilivyocheka mwaka ule. Ilikuwa Simba na Yanga mpaka jogoo wa kwanza. Huyu akipika ugali, yule akinyoa mwenzake nywele, na mlangoni wageni wawili watatu wa vyumba vya jirani. Nalikuwa nikishika kitabu magotini na kukifungua, nikijihesabia kuwa nasoma. Matokeo yalipotoka nalikuwa nimeanguka katika masomo mawili, ikanipasa kurudi Septemba kufanya mitihani ya marudio.

Kila mwenye mikorosho ajua miezi ile ni miezi ya nini. Baba alikuwa ameweka fedha ya salfa ya kupulizia maua mara ya mwisho. Alizitoa fedha zile akanipa nauli na chakula cha Dar es Salaam. Hakusema neno. Maua yakaingiwa na ukungu, na korosho tulizopeleka ghalani mwaka ule hazikujaza hata nusu ya magunia ya mwaka uliotangulia. Naliyafaulu yale masomo mawili, lakini hata leo nipitapo chini ya mikorosho ile siwezi kutazama juu.

Mwaka wa pili nikakimbilia upande wa pili. Nalipanga chumba changu peke yangu Msewe, karibu na chuo, nikafunga mlango. Kimya kilikuwa kitamu kwa mwezi mmoja. Kisha nikaona ajabu: nalisoma kitabu kizima nikaona nimekielewa, wala hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba nimekielewa vibaya. Wenzangu walikutana jioni kujadiliana masomo. Mimi habari zilinifikia zimekwisha poa. Tena nikashikwa na malaria, nikalala siku mbili bila mtu kujua. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, ndiye aliyeona ndoo yangu haijatoka nje, akagonga mlango. Kama asingaliitazama ile ndoo, sijui kama ningekuwa hapa nikiandika.

Mwaka wa tatu nalirudi kukaa na watu, walakini nalichagua watu kabla sijachagua chumba. Twalikuwa watatu, wawili kati yetu wakisomea ualimu. Twalipatana maneno machache tu: chumbani hatusomi, na maktabani hatuzungumzi, saa tano usiku taa inazimwa, na mwenye mgeni aketi naye nje. Mara moja twaligombana vikali juu ya redio, wala sioni haya kusema kwamba mwenye redio nalikuwa mimi.

Hayo yote nalimweleza dada yangu. Kisha nikamhesabia saa za Mbagala. Mtoto atatoka saa kumi na moja alfajiri, naye atarudi usiku, maana magari ya mji ule hayaendi ila kwa kusukumana. Akifika, mama mdogo yuko jikoni. Je, binti wa nyumba ataketi na kitabu, mkubwa wake akisonga ugali? Na wenzake watakapokutana jioni kujadiliana, yeye atakuwa amesimama kituoni akingoja gari. Dada akasema, "Mwalimu, na huko bwenini nani atamtazama?" Swali lile lilinishinda kidogo. Nalimwambia kwamba wanawake wana mabweni yao yenye wasimamizi, lakini atakaomtazama hasa ni wale atakaolala nao chumba kimoja.

Mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani zetu. Mwaka 2017 yalifunguliwa Mlimani majengo mapya 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, na mwaka 2018 maktaba kubwa ambayo watu 2,100 waweza kusoma humo kwa mara moja. Asiyeweza kusoma chumbani anapo pa kwenda. Hata hivyo wanaoomba vitanda ni wengi kuliko vitanda, na anayechelewa huangukia kubebana.

Binti alikuwa kimya muda huo wote. Kisha akauliza, "Mjomba, wale saba wa mwaka wa kwanza, wako wapi sasa?" Nalimtajia: wawili ni walimu kama mimi, mmoja yuko benki, mmoja ana duka Lindi, mmoja sina habari zake. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Na wewe, sita." Wa saba ni yule kijana wa Songea. Ndiye aliyekuwa akituchekesha kupita wote, na Septemba ile hakurudi.

Mpwa wangu hakuuliza tena. Akatoa simu yake akaanza kujaza maombi ya kitanda, naye mama yake akasogeza kiti karibu, akimwuliza maana ya kila neno aliloandika.