Asilimia 60

Benga haingoji mtu. Mwimbaji akinyamaza, gitaa la solo linatoka mbio, gitaa la pili linajaza mianya nyuma yake, besi inavuta yote mawili, na wewe unayejifunza umebaki stegi, matatu imeenda.

Kupunguza hizo mbio si wazo la jana. Benga nyingi ya Kenya ilitoka kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Mtu aliyetaka kuiba mkono wa D.O. Misiani wa Shirati Jazz angeweza kuiweka santuri kwenye kasi ya 33. Wimbo ulipungua kweli, ila sauti nazo zilishuka karibu nusu-toni tano. Mwimbaji alisikika kama ng'ombe mwenye usingizi, na gitaa lako halikulingana tena na lao.

Kompyuta imetenganisha hayo mawili, kasi na kimo cha sauti. Programu hukata wimbo vipande vidogo sana, vya sehemu ndogo ya sekunde, halafu huvipanga upya vikipandana, vingine vikirudiwa. Wimbo unarefuka, lakini noti ya G inabaki G. Hata YouTube ina kitufe cha 0.75 na 0.5. Mimi natumia Audacity, iliyotoka mwaka 2000 na bado ni ya bure, kwa sababu wimbo ninaoutaka hauko YouTube.

Uko kwa kaseti. Anko wangu alipiga gitaa la pili katika bendi moja ya Thika miaka ya 1980. Kilichobaki cha bendi hiyo ni kaseti moja iliyorekodiwa baa, nyimbo nne, glasi zikigongana. Miaka miwili iliyopita Anko alipata kiharusi, na mkono wa kulia haukurudi. Yuko kwake Makongeni. Mimi niko Ruiru, bedsita ya Kimbo, nikiandika makala za watu kwa malipo ya kipande. Chuo nilitoka mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Mama hushangaa nikikesha na kitu kisicholipa. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunirudia sekunde nne mara mia mbili bila kukunja uso.

Nilichomeka waya kutoka redio kaseti hadi laptopu. Anko anakumbuka walipiga kwenye G, lakini kaseti ilikuwa inakimbia, ikitoa karibu nusu-toni juu. Kwa hivyo kwanza nilishusha kasi yote, kama asilimia 5, vile santuri hushuka, mpaka nyuzi zake zikakubaliana na zangu. Ndipo nikabadilisha tempo peke yake: asilimia 80, 70, 60.

Kwa 60, Anko alitokea. Kumbe gitaa la pili halikuwa linafuata tu. Lilikuwa linauliza, solo inajibu. Nikashuka hadi 40, na hapo mambo yakachafuka: kila pigo la ngoma lilitoka mara mbili, na gitaa likawa na mlio wa bati. Sasa nitajuaje ni lipi la mtu na ni lipi la mashine?

Jumamosi nikabeba laptopu na gitaa mpaka Makongeni. Nilimwekea hedifoni. Akasikiliza macho yakiwa yamefungwa.

"Anko, hapa ulipiga noti mara mbili?"

"Zii. Hiyo ni kompyuta yako."

"Na huu mkwaruzo?" Mimi nilikuwa karibu kuufuta. Nilidhani ni kaseti imezeeka.

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Huo ni mimi. Nilikuwa nazima uzi na kidole ili solo ipate nafasi ya kupumua. Leta hiyo gitaa."

Mkono wake wa kushoto ni mzima, na mkono wa kushoto ndio hubonyeza nyuzi. Nilikaa kando yake, gitaa likiwa limelala magoti yetu yote mawili. Yeye akabonyeza, mimi nikacharaza. Alipotaka mkwaruzo, alilegeza kidole kidogo tu, kama mtu anayeinua pazia achungulie nje. Nimeutazama huo mstari wa mawimbi kwenye skrini siku nyingi. Hiyo kulegeza haionekani.

"Usinipige polepole hivyo siku zote," akasema. "Huyo si mimi. Huyo ni mtu anapima shamba."

Wimbo wa kwanza sasa naupiga kwa asilimia 85, mkwaruzo ukiwa ndani. Bado tatu. Audacity inaweza kuningoja hata miaka kumi. Kesho asubuhi napanda matatu ya Thika, kwa sababu anayejua mkwaruzo upi ni kidole ni mtu mmoja, na ana miaka 71.