Mashine ya Gemu na Somo la Kutoa

Likizo ya Desemba iliyopita tulikwenda Tanga kumsaidia mama yetu kuhama nyumba. Uvunguni mwa kitanda, ndani ya boksi la viatu, tulikuta kitu ambacho hatukukiona kwa zaidi ya miaka 20: mashine ya gemu, rangi yake ya kijivu imekwisha kugeuka manjano, pamoja na pedi mbili, bastola ya plastiki na kaseti iliyobanduka karatasi. Wenzetu watatusamehe tukianza makala ya mbinu za kufundishia kwa habari za mchezo wa watoto. Yaliyotokea siku ile yametusumbua tangu hapo, nayo yanahusu kazi ambayo ninyi wanachuo mnajiandaa kuifanya.

Kwa wale ambao hawakuijua, yafaa tueleze kidogo. Asili ya mashine hiyo ni Japani, ambako kampuni ya Nintendo iliitoa mwaka 1983 kwa jina la Famicom. Ile iliyofika mikononi mwetu haikuwa ya Nintendo. Ilikuwa mwigo, moja katika nyingi zilizoundwa baadaye huko Asia ya Mashariki na kuuzwa kwa bei nafuu. Tena ilitufikia kwa kuchelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikupata kituo hadi mwaka 1994, na mashine ya gemu pasipo televisheni ni kopo tu. Hivyo sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 tulicheza mwaka 1998, kwa furaha ya mtu aliyepata kitu kipya kabisa, michezo ambayo watoto wa Tokyo walikwisha kuitupa.

Mjomba wetu, aliyekuwa akifanya biashara ya nguo, ndiye aliyeileta kutoka Dubai. Habari zilienea Ngamiani yote kabla jua halijatua. Mama hakutaka fedha za watoto wa watu, ila aliweka sheria: atakayecheza sharti kwanza achote ndoo moja ya maji. Mapipa ya nyumba yetu hayakupata kukauka mwaka ule. Karatasi ya kaseti ilidai kwamba ndani yake mna michezo 9999. Tulipohesabu kwa uvumilivu tuliikuta saba, ikijirudia kwa majina mbalimbali. Hatukulalamika. Saba ilitutosha.

Uliopendwa kuliko yote ulikuwa Super Mario Bros., mchezo uliotoka mwaka 1985, ambao msanifu wake mkuu alikuwa Shigeru Miyamoto. Hapa tunaomba msomaji awe na subira, maana ndipo penye jambo lenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kijapani, na Kiingereza chetu cha darasa la nne kilikuwa cha kusalimiana. Walakini kila mtoto aliyeshika pedi alijua la kufanya katika dakika chache, pasipo kuelezwa na mtu. Twajiuliza leo: alifundishwa na nani?

Tazama ukurasa wa kwanza wa mchezo ule. Mario, fundi bomba mwenye masharubu, amesimama upande wa kushoto, na mbele yake kuna nafasi tupu. Hiyo nafasi tupu ndiyo inayomwambia mtoto aende kulia. Mara anakuja adui mdogo mwenye umbo la uyoga, akitembea polepole. Mtoto asipofanya kitu, Mario anakufa; na kwa kuwa mchezo ndio kwanza umeanza, hasara yake ni hatua tano au sita tu. Mara ya pili anabonyeza vitufe ovyo, Mario anaruka, huenda akagonga kwa kichwa kisanduku chenye alama ya kuuliza, sarafu ikatoka. Basi amejua kwamba visanduku hugongwa. Kisanduku kingine hutoa uyoga wa manufaa, unaomkuza Mario. Huo huelekea kulia, ukagonga bomba la kijani, ukarudi moja kwa moja hadi alipo mchezaji, naye amebanwa chini ya matofali kiasi kwamba hata akitaka kuukimbia ni shida. Kwa hiyo mtoto anayeuogopa uyoga, kwa sababu adui wa kwanza alifanana nao, hupata kujua kwa mwili wake kwamba huu ni mwema.

Lililotushangaza zaidi liko karibu na mwisho wa sehemu ile ya kwanza. Kuna ngazi mbili zinazotazamana, na katikati yake pana ardhi. Mtoto huruka kutoka kilele hiki hadi kile. Akikosea, huanguka chini salama, akapanda tena. Mbele kidogo kuna ngazi nyingine mbili zinazofanana na zile, ila katikati safari hii hapana ardhi, pana shimo. Mruko ni uleule. Aliyeujaribu mahali pasipo hatari sasa anaufanya mahali penye hatari. Sisi wakufunzi tumewaandikisheni mara nyingi kwamba somo litoke kwenye jambo jepesi kwenda kwenye gumu. Tunakiri kwamba hatujapata kuichora kanuni hiyo ubaoni kwa ufasaha wa ngazi zile nne.

Mchezo wa pili tuliokumbuka ulikuwa wa kuwinda bata, Duck Hunt, wa mwaka 1984, uliochezwa kwa ile bastola. Bastola haikutoa kitu chochote, ilipokea. Ulipovuta kifyatulio, kioo kiligeuka cheusi kwa kitambo kidogo mno, kisha mahali alipo bata pakatokea mraba mweupe, na jicho lililomo ndani ya mtutu likatazama kama limeona mwanga. Ukikosa, mbwa aliinuka kwenye majani akakucheka. Ngamiani nzima ilimchukia mbwa yule. Tulimpiga risasi mara elfu naye akaendelea kucheka. Mwenzetu mmoja, mwenye kigugumizi, ambaye katika Mario alikuwa hana mpinzani mtaa mzima, hakukubali kabisa kuishika bastola. Alisema ya darasani yanamtosha.

Basi, siku ile ya Desemba tuliiunganisha mashine kwenye televisheni ya mama. Picha ilitokea. Bastola ilikataa kata kata, kwa kuwa ilitengenezwa kwa televisheni zile za kichogo, nazo hizi bapa za siku hizi huchelewesha picha kidogo, jicho likatazama wakati mwanga haujafika. Tulihuzunika kuliko inavyompasa mtu wa umri wetu. Mwanetu wa miaka saba aliikamata pedi. Alikufa kwa adui yule wa kwanza mara kumi na moja, tulizihesabu. Hakulia, hakututazama, hakuomba radhi. Alasiri ya siku ileile tulimpa hesabu za likizo. Alipokosea ya tatu, nasi tukasema tu, “Angalia vizuri,” macho yakamjaa machozi, akaifunika karatasi kwa mkono.

Tulimtambua yule mkono. Mwaka 2013, katika kituo chetu cha kwanza cha kazi, tulikuwa na mvulana wa darasa la nne aliyetoroka kila Ijumaa. Tulimfuata, tukamkuta katika kibanda cha gemu. Sisi, wenye mashine uvunguni kwa mama, tulimrudisha shuleni, tukamsimamisha mstarini, tukamtangaza kuwa ni bingwa wa gemu na tukamwamuru aseme saba mara nane ni ngapi. Alinyamaza. Shule nzima ikacheka, na tuliiacha icheke, maana tuliamini kwamba kicheko kitamrekebisha. Utoro wake ulikoma. Hadi mwisho wa mwaka alikaa dawati la nyuma, akiandika huku ameifunika karatasi kwa mkono, wala hakuinua tena kidole kujibu swali. Katika taarifa yetu tuliandika kwamba tatizo la mvulana huyo limetatuliwa.

Hatusemi kwamba gemu ni mwalimu bora. Twafahamu watoto walioiba fedha za sokoni kwa ajili ya vibanda vile, na sisi wenyewe tuliwahi kudanganya kwamba maji tumekwisha kuchota. Tena mashine humwonyesha mtoto kwamba amekosea. Kwa nini amekosea haiwezi kumweleza, wala haijui kwamba leo mtoto huyu hakunywa chai asubuhi. Hayo ni yako, mwalimu. Hata hivyo twataka mwanachuo ajiulize, anapoandika andalio la somo: je, mtoto atapata wapi nafasi ya kuanguka penye ardhi kabla hajafikishwa penye shimo?

Mwezi Machi tulikaa nyuma ya darasa la tatu kumtazama mwanachuo mmoja katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa kutoa. Alianza na 57 toa 22, darasa zima likapata. Papo hapo akaandika 52 toa 27, bila vijiti, bila makumi ya kufungua, kisha akamwita msichana mmoja ubaoni. Msichana aliandika 35, kwa maana aliona 7 ni kubwa, akatoa 2 kutoka kwake. Vicheko vikaanza upande wa dirishani. Tulishika kalamu, fomu ya tathmini iko mapajani, tukaona tunamtazama yule wa mwaka 2013.

Mwanachuo aligeuka akatazama darasa hadi likanyamaza. Alikwenda mezani, akaleta mafungu matano ya vijiti yaliyofungwa kwa kamba na vijiti viwili vilivyo huru, akampa yule msichana, akafuta ile 35 kwa kiganja chake mwenyewe. “Hili nimeliruka mimi,” alisema. “Fungua fungu moja, mwanangu, kisha tuhesabu.”

Msichana alifungua kamba kwa meno.