Maji ya Jioni na Beseni la Mapambo

Ukitaka kuijua Kapkatet, mpenzi msomaji, usiishie barabarani. Wasafiri wengi wanaotoka Nairobi kupitia Narok na Bomet hukunja kona pale Kaplong, wakaupita mji huu mbio wakielekea Litein na Kericho. Wanachokumbuka ni rangi ya kijani tu, michai iliyobanana kutoka ukingo wa lami hadi kileleni mwa kilima. Mji wenyewe ni mdogo: maduka, hospitali, kiwanda cha majani chai na bodaboda wasiohesabika. Lakini wewe shuka kwenye matatu, ufuate njia ya udongo mwekundu mpaka nyumbani kwa mtu, ulale huko siku kadhaa za Krismasi. Hapo utajifunza mambo mawili ambayo watalii hawaelezwi: saa ya kuoga, na mahali pa kuweka mapambo ya sikukuu katika nyumba isiyo na nafasi.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Desemba moja tulifunga safari, mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, kwenda kwa dada yake mkubwa aliyeolewa huko. "Chamgei!" akatupokea shemeji, nasi tukaitikia "Chamgei mising!" kwa ndimi zetu za mjini. Nyumba yake ni ya mabati, ina vyumba viwili, na jiko liko kando. Walikuwa wanane kabla hatujafika. Usiku ule tukalala kumi na watatu.

Asubuhi niliamka saa kumi na mbili kama nilivyozoea. Baridi ya huko si ya mchezo, kwani ni nyanda za juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Nikatundika taulo begani, nikasimama mlangoni pa jiko na kuuliza kwa adabu zote iwapo palikuwa na maji moto ya kuoga. Shemeji hakusema neno. Aliiepua sufuria ya chai iliyokuwa karibu kuchemka, akaiteleka ile kubwa ya maji. Nikaoga ndoo nzima katika bafu la mabati lililo nyuma ya nyumba, na hata wimbo nikaimba. Niliporudi niliwakuta watoto wa watu wameketi na vikombe vitupu mikononi, wakingoja chai. Baba yao alikuwa ameshaondoka kwenda kuchuma majani bila kutia kitu tumboni.

"Baba mdogo," akaniambia binti wa nyumba, mtoto wa miaka kumi na mitatu, "hapa kuni za asubuhi ni za chai."

Yule binti ndiye aliyekuwa ameyateka yale maji. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na kijito kiko bondeni. Labda utashangaa, kwa sababu sehemu hizi za Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kila nyumba ina mfereji wa bati unaoingiza maji kwenye tangi. Ni kweli. Lakini miezi iliyo mikavu kuliko yote ni Desemba hadi Februari. Kwa hiyo sisi wa mjini huja na taulo zetu wakati uleule ambao tangi, ukiligonga, linalia kama ngoma.

Tuwe wa haki, kila mmoja ana sababu yake. Mtu wa Nairobi huoga asubuhi kwa kuwa anakwenda kukaa na watu, ofisini, darasani au kwenye matatu. Waliokaa vyumba vya kupanga vya Pipeline au Kayole wanaijua ile foleni ya alfajiri, ndoo mkononi, huku jirani akibisha mlango wa bafu kwa ngumi. Mchuma chai naye huingia shambani wakati umande ungali kwenye majani. Michai humfika kiunoni, na hata akivaa plastiki kwa mbele, saa mbili haijagonga ameshalowa. Kuoga kabla ya hapo ni kupoteza sabuni. Anarudi alasiri majani yakishapimwa kituoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, mgongo unauma. Huyo ndiye anayehitaji maji ya moto.

Na jioni moto tayari upo. Ugali ukishaepuliwa, sufuria kubwa huwekwa juu ya makaa na kuachwa hapo watu wakila. Watoto wadogo huoga kwanza, ndani ya karai, karibu na moto. Kisha wakubwa hutoka nje mmoja mmoja, kila mtu na nusu ndoo yake. Kuni zenyewe ni mikaratusi na matawi ya michai iliyopogolewa. Hakuna kinachowashwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye mapambo. Jioni ya tarehe 23 shemeji aliinama akavuta kutoka mvunguni mwa kitanda beseni la plastiki la kuogeshea mtoto, limefunikwa kwa gunia. Ndani mlikuwa na Krismasi yote ya nyumba ile: nyuzi za kung'aa, kengele za karatasi, na mnyororo mrefu uliotengenezwa kwa vipande vya daftari la shule. Mti hauhitaji kuwekwa mahali, kwani hukatwa tawi la msaiprasi uani na kusimamishwa ndani ya kopo la udongo. (Msaiprasi huo asili yake ni Meksiko. Hata chai si ya kwetu. Mche wa kwanza Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakafuata miaka ya 1920.)

Lakini mwaka ule palikuwa na tatizo. Mke wa kijana wao mkubwa alikuwa amejifungua mwezi wa Novemba, na yule malaika alikuwa akiogeshwa kwenye karai la kufulia. Beseni lilihitajika. Mzee wa nyumba akatoa shauri fupi: yale makaratasi yachomwe sikukuu ikiisha, mwakani yatanunuliwa mengine.

Shemeji akanyamaza. Akaanza kuukunjua ule mnyororo, ndipo nikaona kwenye pete za karatasi alama nyekundu za mwalimu. Uliundwa na mwanawe wa pili alipokuwa darasa la tano. Sasa yuko Qatar akilinda jengo, na ilikuwa Krismasi ya tatu hajarudi. Kuna pete moja yenye hesabu aliyoikosa, na kila mwaka nduguze huitafuta ili wamcheke. Mwaka ule waliitafuta, wakaipata, wakacheka, kisha wakanyamaza. Mzee akatoka nje kutazama ng'ombe.

Habari ya kuchoma haikutajwa tena. Likabaki swali la mahali. Mnyororo ule uligandishwa kwa uji wa unga, na unga huita panya na mende. Tena hewa ya huko ni ya ukungu, na karatasi iliyowekwa chini hushika ukungu. Kiswahili kimefanya vyema kuviita vyote viwili kwa jina moja. Shemeji akafua gunia la mbolea la kilo 50, akalianika juani siku mbili. Nyuzi za kung'aa akazizungusha kwenye gunzi la mahindi zisitatizane, na mnyororo akauviringisha ndani ya gazeti bila kuukunja. Baluni akazitupa, maana mpira wake haufiki mwaka. Kisha gunia likatundikwa kwa waya kwenye boriti jikoni, mahali moshi unapopita na kukausha. Katikati ya waya akapitisha mfuniko wa kopo uliotobolewa, ili panya akishuka ateleze. Mimi nyumbani nina kabati la milango mitatu, na taa zangu za Krismasi hutatizana kila mwaka hadi mke wangu huzitupa na kwenda kununua nyingine Kamukunji.

Jioni ya mwisho mtoto aliogeshwa ndani ya beseni lake, akapiga maji mateke mpaka bibi yake akalowa. Tawi la msaiprasi lililokuwa sebuleni lilikuwa limeshakauka. Binti akalivunjavunja na kulitia chini ya sufuria kubwa, likawaka kwa mlio na harufu nzuri. Nilichukua nusu ndoo yangu zamu iliponifikia. Nilikuwa wa tisa.