Barua kutoka Kentucky: Uzio Mweusi na Jua la Dodoma

Ndugu zangu wa nyumbani,

Shemeji yangu wa Dodoma amenitumia picha ya uzio mweusi: mbao nne za mlalo zimenyooka juu ya majani mabichi, nyuma yake farasi wanakula. Chini ameandika, “Shem, nautaka huuhuu kule Ihumwa, ila wa plastiki, nisihangaike na rangi tena. Fundi kashasema anaweza. Nitafutie bei.” Nimempigia kumwuliza kama huyo fundi ameuliza kiwanja kina mifugo gani, au jua linapiga upande upi. Hakuuliza. Ameona picha tu, akasema anaweza. Nimekereka, na kwa kuwa najua picha za namna hiyo zinazunguka kwenye simu za wengi wenu, nawaandikia wote.

Mimi naishi Lexington, penye mashamba ya farasi wa mbio. Ukitoka nje ya mji ni ua baada ya ua mpaka macho yachoke. Sasa sikilizeni: nyua nyeusi za huku, zile zinazopigwa picha, nyingi ni mbao za mti, mara nyingi mwaloni, zilizopakwa rangi nyeusi yenye lami. Zamani fahari ilikuwa nyeupe, na shamba la Calumet linajulikana hadi leo kwa nyua zake nyeupe. Lakini nyeupe inataka kupakwa tena na tena, ilhali nyeusi ya lami ni nafuu na hudumu zaidi. Wenye mashamba wakapiga hesabu, wakahamia nyeusi. Urembo ulikuja baadaye, macho yalipozoea. Huku mtu huuliza kwanza uzio utafanya kazi gani. Sisi tunauliza utaonekanaje.

Ukitoka kwenye mti ukaingia kwenye vinaili, hesabu inabadilika. Vinaili ni PVC, ndugu ya mabomba ya maji mnayoyajua. Ile nyeupe imechanganywa na dioksidi ya titani, unga mweupe unaorudisha jua na kuikinga plastiki dhidi ya miale ya urujuanimno. Ukitaka nyeusi au kahawia iliyoiva, unga huo unapunguzwa, na rangi yenyewe inameza joto. Ubao wa futi 16, yaani karibu mita 5, joto lake likipanda kwa nyuzi 40 unarefuka kama sentimita moja. Tofauti hiyo kati ya alfajiri na saa nane mchana si ngeni kwa kitu cheusi kilichoachwa juani. Ubao usipopata pa kurefukia unajipinda, na ukizidi kupata moto unalegea katikati kama ndala iliyosahauliwa juu ya bati. Ndiyo maana kwa miaka mingi vinaili ilikuwa nyeupe, au rangi hafifu ya mchanga.

Siku hizi zipo nyeusi nzuri, siwafichi. Siri yake ni tabaka la nje, mara nyingi la akriliki, linalobandikwa juu ya PVC palepale kiwandani, pamoja na rangi maalumu zinazorudisha sehemu ya joto ingawa jicho linaona weusi. Bei yake iko juu kuliko nyeupe. Ukiuziwa nyeusi kwa bei ya nyeupe, shtuka.

Halafu mifugo. Mbao hizi zina uwazi ndani. Farasi akiegemea, ubao unachomoka kwenye nguzo, kwa hiyo wafugaji wa huku huongeza waya wa umeme kwa ndani ili mnyama asiuguse uzio kabisa. Shemeji, dume lako la zebu likijikuna pale litatoka nao barabarani! Nyuma ya zizi panda minyaa kama babu zetu. Haichuji rangi wala haipindi. Angalieni tu watoto, utomvu wake ni hatari kwa macho.

Mbele ya nyumba, sawa, weka vinaili. Lakini dai dhamana ya maandishi inayotaja kuchuja rangi, maana nyingine zinahusu kuvunjika tu. Chukua mbao za mlalo zenye nafasi badala ya ukuta mzima wa plastiki, kwa sababu upepo wa Dodoma mnaujua. Ndani ya tundu la nguzo fundi aache nafasi ubao upumue, na asiukaze kwa skrubu pande zote mbili. Jua pia unachonunua: kama weusi uko kwenye tabaka la juu tu, mkwaruzo mkubwa wa mashine ya kukatia majani utaonyesha rangi ya chini. Kaa mbali na jengo lenye madirisha yanayorudisha jua. Huku vioo hivyo vimewahi kukunja kuta za vinaili za majirani. Na mabaki msiyachome pamoja na takataka, moshi wa PVC una asidi inayounguza mapafu.

Huku kabla ya kuchimba shimo la nguzo unapiga simu namba 811, wanakuja bure kuweka alama palipopita mabomba na nyaya. Kwenye mitaa mingi jumuiya ya wenye nyumba lazima ipitishe hata rangi ya uzio wako. Sisi bomba la maji tunalijua liko wapi pale sululu inapolipasua. Jamani, mbona tunapenda kujenga kwanza na kuuliza baadaye? Mamilioni yanaishia kwenye ukuta na geti kwa sababu jirani kajenga, na hakuna aliyekaa chini kuandika ukuta huo unazuia nini.

Basi shemeji, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie muuzaji akupe ubao mmoja mzima. Ulaze juu ya matofali mawili, kila ncha na tofali lake, uwanjani pasipo kivuli, wiki mbili. Pima urefu alfajiri, pima tena saa nane mchana, na uangalie kama umebonyea katikati. Niandikie vipimo hivyo, ndipo nitatafuta bei.