Volvo ya Kalasinga na mizinga ya mjomba

Wadau, leo siasa tuziweke kando. Tuongelee Volvo moja kuukuu.

Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo kilileta timu yake Afrika Mashariki kushindana katika Safari, yale mashindano ya magari yaliyoanza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mambo yakawaendea kombo, wakafungasha virago. Moja ya magari yao, PV544, likanunuliwa na fundi mmoja Kalasinga mzaliwa wa Kericho, Joginder Singh. Pasaka ya 1965 akaingia nalo yeye na ndugu yake Jaswant, watu wawili, bila jeshi la mafundi kutoka Ulaya. Wakashinda! Gari ambalo wenyewe walishalikatia tamaa.

Hadithi hii niliisimulia juzi Ipole. Kwa msiopajua: toka Tabora mjini elekea kusini, pita Sikonge, endelea na msitu wa miombo mpaka barabara igawanyike, moja iende Mpanda, nyingine Rungwa hadi Mbeya. Wanyamwezi wa huku walikuwa wakitembea na pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo, kwa hiyo safari ndefu si jambo geni. Asali ya Ipole msiniulize, niliyopewa nimeshaimaliza.

Nina binamu pale, mtoto wa mjomba, fundi pikipiki. Ana miaka 24 na mikono yake haikosei. Injini akiisikiliza tu anakwambia inaumwa nini. Akaniita pembeni: "Kaka, wewe mwandishi, unajua mambo ya dunia. Nataka niuze mizinga ya mzee, nipate Subaru ya zamani, nianzishe timu yangu ya mbio za magari." Mjomba alishatangulia mbele ya haki. Hiyo mizinga ndiyo inayomlipia ada mdogo wake wa kike, yuko kidato cha tatu.

Ndipo nikamletea habari za Joginder. Nilidhani zitamtuliza... wapi! Nilipofika kwenye ushindi wa 1965 alikuwa ameshasimama. "Si unaona, kaka? Gari lililotumika, ndugu wawili, basi!"

Ikabidi nimkalishe tena. Joginder hakuanza 1965. Alianza kushiriki Safari mwishoni mwa miaka ya hamsini, na muda wote huo ufundi ndio ulikuwa unamlisha. Halafu ile Volvo haikuwa gari la kuokota mtaani, ilikuwa imeandaliwa na kiwanda kwa kazi hiyo hiyo. Watu wanaopenda sifa za "mnyonge kamshinda tajiri" huwa wanaruka kipande hiki. Mnyonge alishinda, ndiyo, lakini kwa makombo ya tajiri, na kwa kujua jinsi ya kuyapika.

Tena wala tusiishie Kenya. Mwaka 1966 na 1967 Safari ilichukuliwa na Bert Shankland wa hapa hapa Dar es Salaam, na Peugeot 404, mara mbili mfululizo. Waulize vijana wa Dar leo kama wanamjua. Wanajua madereva wa Formula One mpaka majina ya mbwa wao!

Joginder akarudi kileleni 1974, na Mitsubishi Lancer ya injini ndogo, 1600, akimwacha Björn Waldegård na Porsche 911 yake. Akashinda tena 1976. Lakini hesabu inayonivutia mimi ni nyingine: aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Kwenye barabara zile za vumbi, na tope la Pasaka linalomeza gari mpaka milangoni, magari mengi yalikuwa hayafiki. Mara 19! Huko ni kuijua mashine, kujua wakati wa kukanyaga mafuta na wakati wa kuihurumia. Alifariki London mwaka 2013.

Binamu alisikiliza hiyo 22 na 19 kimya. Aliyevunja ukimya ni mdogo wake, aliyekuwa anachuja asali karibu yetu, kumbe masikio yote yako kwetu. "Huyo Jaswant alikuwa anafanya nini ndani ya gari?"

Nikamwambia msaidizi wa dereva ndiye anayesoma njia: kona, mto, umbali, saa. Asiposoma vizuri dereva anaingia porini.

"Basi mimi nimalize shule kwanza nijue kusoma hiyo njia," akasema, na kuendelea kuchuja.

Kaka mtu akacheka, ila hakujibu. Mpaka naondoka mizinga ilikuwa bado juu ya miti, na yeye alikuwa ananiuliza bei ya tairi nne za rali. Mwenye kuijua anitumie, lakini msizidishe, ada inalipwa Januari.