Thamani ya Baga, Kutoka Los Angeles Hadi San Bernardino

Ukitaka kujua asili ya baga ya haraka, wapo watakaokupeleka Wichita, jimbo la Kansas, ambako White Castle ilianza kuuza baga za senti 5 mwaka 1921. Hawakosei. Lakini mtindo ulioenea duniani, wa kuagiza dirishani, kulipa, kupewa mfuko wa karatasi na kuondoka, ulikomaa kusini mwa California miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo nilipokwenda kumtembelea kaka yangu, dereva wa lori huko Los Angeles, nilimwomba asihangaike na Hollywood. Anipeleke tukale baga kuelekea mashariki hadi San Bernardino, tulinganishe ladha, bei na thamani.

Kaka alicheka sana. "Mdogo wangu, watu wanapanda ndege kuja kuona bahari na nyota wa sinema, wewe umefuata nyama ya kusaga?" Wifi yangu, mzaliwa wa Tanga, akatoa sharti lake: safari anaitaka, ila nyama ambayo haikuchinjwa kwa taratibu za Kiislamu haitapita mdomoni mwake. Nikamwambia hiyo ni heri, kwani tunahitaji mtu wa kuamua mengine: chipsi, usafi, foleni na mapokezi.

Vipimo tulivipanga garini. Ladha, kila mtu na ulimi wake. Bei ni ile ya risiti, si ya ubaoni, kwa sababu California huongeza kodi ya mauzo kwenye chakula cha moto unapofika kulipa, na jijini Los Angeles inakaribia asilimia 10. Thamani tungeipima kwa gramu za nyama mbichi, kisha tujiulize swali la mwisho: tungerudi kwa hela zetu wenyewe?

Tulianza usiku, kwenye kona ya barabara za Beverly na Rampart. Hapo ndipo Tommy Koulax, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, alipofungua kibanda chake mwaka 1946, na hadi leo Original Tommy's haifungi usiku wala mchana. Watu hula wamesimama, pembeni ya maegesho, na karatasi za kufutia mikono zimetundikwa ukutani kwa sababu bila hizo hakuna atakayeondoka na shati safi. Baga yao humwagiwa chili, yaani nyama ya kusaga iliyopikwa na viungo hadi ikawa rojo zito, juu yake kitunguu, achari, haradali na kipande kinene cha nyanya. Ladha ni kali na ya kushiba. Chili imetawala, nyama yenyewe huisikii. Ukitoka kazini saa nane za usiku, kama kaka atokavyo mara nyingi, hakuna baga bora zaidi. Mchana, tumbo likiwa limetulia, ningeipita.

Kituo cha pili kilikuwa Fatburger, jina ambalo lina historia inayostahili kujulikana zaidi. Mwanzilishi wake ni Lovie Yancey, mwanamke Mmarekani mweusi, aliyeanza mwaka 1947 na kibanda kwenye barabara ya Western, katika jiji ambamo watu weusi walikuwa bado wanafungiwa milango mingi. Biashara ilipokua, alitoa dola milioni 1.7 kwa hospitali ya City of Hope kwa ajili ya utafiti wa selimundu, ugonjwa uliomwondolea mjukuu wake. Baga ya hapa haikusubiri. Wewe ndiye unayeisubiri. Nyama huwekwa jikoni baada ya kuagiza, ina uzito wa gramu 150 hivi, na ukingo wake hutoka umekauka vizuri huku ndani ikibaki na maji yake. Kwa ulimi wangu hii ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Lakini ilitugharimu karibu dola 10 bila chipsi wala kinywaji, na kaka alikunja risiti akaitia mfukoni bila neno.

Asubuhi nyingine tukaelekea mashariki, milima ya San Gabriel ikiwa kushoto kwetu. Pasadena tulisimama kidogo tu. Mji huo unajitapa kwamba katika miaka ya 1920 kijana aitwaye Lionel Sternberger, aliyekuwa akipika kwenye duka la chakula la familia yake, aliweka kipande cha jibini juu ya baga, na chizibaga ikazaliwa. Miji mingine inabisha. Pasadena imeweka kibao cha ukumbusho na kila mwaka huadhimisha wiki ya chizibaga, nasi tulipiga picha tukaendelea.

Baldwin Park ndiko mambo yalikoanza kupata uzito. Mwaka 1948 Harry na Esther Snyder walifungua hapo In-N-Out, kichumba chenye upana wa mita tatu hivi, kikiwa na kipaza sauti cha kuagizia ukiwa ndani ya gari, jambo lililokuwa geni wakati ule. Kile cha asili kilibomolewa kupisha barabara kuu, lakini kampuni imejenga mfano wake ambao unaweza kuutazama bure. Chakula kinauzwa katika duka la kisasa lililo karibu, na foleni ya magari ilikuwa imezunguka jengo lote.

Ubao wa In-N-Out unausoma kwa pumzi moja: baga, chizibaga, baga ya nyama mbili iitwayo Double-Double, chipsi, vinywaji, basi. Hawana kuku, hawana samaki, hawana toleo jipya la msimu. Nyama haigandishwi; wanaiandaa kwenye viwanda vyao wenyewe na hawafungui duka mbali na viwanda hivyo. Viazi vinamenywa na kukatwa mbele ya macho yako. Kampuni bado ni ya familia, na jina lake haliuzwi kwa wafanyabiashara wengine.

Double-Double ina vipande viwili vya nyama vyenye jumla ya gramu 113 kabla ya kupikwa, na tuliilipia takribani dola 6. Niliomba iandaliwe kwa mtindo wao wa Animal Style, ambao haumo ubaoni ingawa kila mwenyeji anaujua: nyama hukaangwa ikiwa imepakwa haradali, vitunguu vinakaangwa hadi vinakuwa na utamu, na mchuzi unazidishwa. Saladi ilikuwa bado inalia ukiitafuna, mkate umebanikwa, jibini limeshikana na nyama. Haikuishinda Fatburger kwa utamu, lakini iliikaribia sana kwa bei ya chini mno.

Chipsi zao, kusema kweli, ni dhaifu. Zinatoka mafutani zikiwa nzuri, na kabla hujamaliza baga zimeshalegea. Hata hivyo, wifi ndiye aliyefurahi kuliko sisi. Chipsi hizo hukaangwa kwa mafuta ya alizeti, na kuna mkate wa jibini na mboga usiokuwa na nyama ambao wahudumu wanautengeneza ukiuomba. Alikula, akashiba, akasema, "Hapa hata mimi nimehesabiwa." Kwa familia yenye walaji wa aina mbalimbali, maneno hayo ni sehemu ya thamani.

Kutoka hapo tukaifuata barabara kuu namba 10 hadi San Bernardino, mji wenye joto na vumbi, kwenye kona ya barabara ya 14 na ya E. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifungua mkahawa wao hapo mwaka 1940. Ulikuwa na wasichana wa kupeleka chakula kwenye magari, sahani, vijiko, na orodha ya vyakula 25. Biashara ilikuwa nzuri, lakini mwaka 1948 waliufunga kwa muda wakaanza kuondoa vitu. Wahudumu wa magari wakaondolewa. Sahani na vijiko vikaondolewa. Orodha ikashuka hadi vitu tisa. Kila mpishi akapewa kazi moja: huyu anageuza nyama, yule anapaka mchuzi, mwingine anafunga karatasi. Baga ikauzwa senti 15, wakati In-N-Out walikuwa wakiuza yao senti 25.

Jengo lile halipo tena. Pana makumbusho yasiyo rasmi, yaliyoanzishwa na mmiliki wa mtandao wa migahawa ya kuku uitwao Juan Pollo, yamejaa vikombe, sanamu na vitu vya kuchezea vya watoto. Nilisimama mbele ya picha ya ubao wa zamani wa bei na nikaona kwamba urahisi wa baga ile haukutokana na nyama duni. Ulitokana na kupunguza. Ray Kroc, muuzaji wa mashine za kuchanganyia maziwa, aliuona utaratibu huo mwaka 1954, akausambaza, na mwaka 1961 akanunua haki za biashara ya ndugu hao kwa dola milioni 2.7.

Wakati wa kurudi tulipitia Downey, kwenye tawi la McDonald's lililofunguliwa mwaka 1953 na ambalo ndilo kongwe kuliko yote yanayoendelea kuuza. Matao yake ya njano yamepita juu ya paa kama yalivyokuwa zamani. Nje ni 1953, ndani ni leo: ubao umejaa baga za kila namna, kuku, samaki, kahawa, vitu vitamu na vifurushi vya punguzo vinavyotaka uwe na programu kwenye simu. Baga ndogo ya kawaida, yenye nyama ya gramu 45, ilikuwa karibu dola 3. Quarter Pounder yenye jibini ilizidi dola 7, na nyama yake inakaribiana kwa uzito na ya Double-Double. Ladha ilikuwa nzuri. Tangu 2018 nyama ya baga hiyo haigandishwi katika maduka mengi ya Marekani. Chipsi zilikuwa bora kuliko zote za safari, nyembamba na kavu. Wifi hakuzigusa, kwa sababu nchini Marekani McDonald's hutia ladha ya nyama ya ng'ombe kwenye chipsi zake.

Nilianza kulalamika: senti 15 imekuwaje dola 3? Hata ukiipandisha kwa mfumuko wa bei, senti 15 za 1948 ni kama dola 2 za sasa. Kaka akanikatiza. "Usihesabu kwa dola. Hesabu kwa dakika za kazi." Mwaka 1948 kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kilikuwa senti 40 kwa saa, kwa hiyo baga ya senti 15 ilikula dakika zaidi ya 22. Tangu Aprili 2024 sheria ya California inawapa wafanyakazi wa mitandao mikubwa ya vyakula vya haraka angalau dola 20 kwa saa. Anayegeuza nyama leo anaipata baga ya dola 3 kwa dakika tisa, na Double-Double kwa dakika 18. Mimi nilikuwa nikihesabu kwa shilingi za Dar es Salaam, ambako dola 6 ni kama shilingi 15,000. Yeye alihesabu kwa jasho la hapo hapo, na ndiyo hesabu ya haki kwa anayeishi huko.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa ladha, Fatburger. Kwa njaa ya usiku wa manane, Original Tommy's. Kwa chipsi na kwa mwenye dola 3 tu mfukoni, McDonald's. Kwa thamani, In-N-Out inawaacha wote: gramu 100 za nyama katika Double-Double zilitugharimu kama dola 5, wakati kwa Fatburger, na kwa baga zote mbili za McDonald's, zilifika karibu dola 6 au zaidi. Ndugu wa San Bernardino walifundisha dunia kwamba anayepunguza mambo humpa mlaji zaidi. Kampuni yenye jina lao imerefusha orodha, na jirani yao wa Baldwin Park ameshikilia somo.

Nawe ukifika mji wowote usioujua, iwe California au kwingineko, usianze kusoma bei. Soma kwanza urefu wa ubao. Ukiwa mfupi na foleni ni ndefu, ingia.