Makaburi Katika Shamba Lililouzwa

Mwezi wa Desemba wenyeji wa Siakago wafanyao kazi mbali hurudi makwao. Wakati huo mvua za vuli zimekwisha kunyesha, ndengu zakaribia kuvunwa, na majani yamekuwa marefu kila mahali, hata juu ya makaburi. Kwa hiyo katika nyumba nyingi siku moja ya likizo hutengwa kwa kazi ya kuyafyeka majani hayo, kuziba nyufa za saruji, na kuwaonyesha watoto mahali walipolazwa babu na nyanya yao.

Siku kama hiyo mtu mmoja wa makamo, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alitoka asubuhi pamoja na dada yake mkubwa. Yeye alichukua jembe, na dada yake panga. Makaburi ya wazazi wao yako mwisho wa ua wa zamani, chini ya mgunga, mwendo wa dakika chache kutoka nyumba ya jamaa iliyobaki. Walipofika walikuta uzio wa seng'enge, lango la chuma na kufuli. Ndani, palipokuwa boma la mbuzi, palikuwa pamepandwa muguka kwa mistari.

Mwenye shamba alitoka, akawasalimu kwa heshima, akasikiliza shida yao. Kisha akaingia nyumbani, akarudi na nakala ya hati yenye namba ianzayo kwa maneno Nthawa/Siakago. "Mzee," akamwambia, "hati hii nimeisoma mara nyingi. Yataja ukubwa wa shamba na jina langu. Haitaji kaburi." Dada mtu hakujibu neno. Alisimama penye uzio kwa muda, akiyatazama matuta mawili, moja la saruji na moja la udongo na mawe. Kisha akashika njia ya kurudi, na panga lake halijakata hata jani moja.

Ni rahisi kumlaumu mwenye lango. Lakini shamba hilo hakuliiba. Aliuziwa na ndugu yao mdogo, aliyekuwa na mgonjwa hospitalini na deni la kulipa. Mambo yote yalifuata sheria: mkewe alikubali, na halmashauri ya ardhi ilitoa kibali chake, kama itakiwavyo na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967. Muuzaji hakutaja makaburi, kwa kuogopa kwamba bei itashuka. Kaka wa Mombasa aliarifiwa kwa simu, akasema, "Uza, mgonjwa apone," na yeye pia hakutaja makaburi. Dada hakuulizwa kabisa, kwa kuwa shamba la baba liligawanywa kwa wana wa kiume tu, na jina lake halikuwa katika karatasi yo yote. Hivyo yule aliyeyatunza makaburi miaka yote ndiye aliyekuwa hana sauti siku yalipouzwa.

Ili kufahamu uzito wa jambo hili, yafaa kukumbuka habari za zamani za nchi ya Mbeere. Hapo kale desturi haikuwa kumzika kila mtu. Wafu wengi walipelekwa porini, mbali na nyumba za watu. Ni katika utawala wa Waingereza ndipo kuzika kulipoenea, na kaburi likasogea karibu na nyumba. Kisha ukaja upimaji wa mashamba chini ya Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968. Koo zikashindana mbele ya kamati, kila ukoo ukieleza ulikotoka na mahali wazee wake walipolima. Katika mashindano hayo kaburi likawa shahidi mkubwa: mtu alionyesha mahali baba yake alipozikwa, na maneno yake yakapata nguvu. Mtaalamu wa Kimarekani, Jack Glazier, aliyewachunguza Wambeere, aliandika juu ya mageuzi hayo mwaka 1984, akaonyesha jinsi wafu walivyoletwa nyumbani na kuingia katika kesi za ardhi.

Lakini madaftari yalipokwisha kuandikwa, shahidi huyo aliachishwa kazi. Tangu hapo hati ndiyo isemayo, na hati haina mahali pa kuandikia mgunga wala tuta la mawe. Watu waliotumia makaburi kulipata shamba hawakufikiri kwamba siku moja watahitaji shamba ili kuyapata makaburi.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kufuli lile. Baadaye mwenye shamba alieleza wazi hofu yake: "Leo mtaleta jembe, kesho mtaleta jeneza, kesho kutwa mtaleta wakili." Hofu hiyo si ya kipumbavu. Anajua kwamba katika nchi hii kaburi liliwahi kuwa dai, na kila ampaye mtu njia ya kaburini adhani amempa mguu wa kwanza wa kuingilia shambani.

Je, sheria yasemaje? Kuingia katika shamba la mtu bila ruhusa yake na bila sababu ya haki ni kosa, na mwenye hati ana nguvu ya kumzuia apitaye. Hata hivyo nguvu hiyo ina mipaka yake. Kifungu cha 136 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya kuwa mkosaji mtu aingiaye mahali pa maziko kwa nia ya kuumiza mioyo ya watu au kuwadharau wafu. Tena hakuna awezaye kufukua maiti kwa kujiamulia. Jambo hilo lahitaji kibali cha serikali. Basi mnunuzi hana ruhusa ya kuyafanyia makaburi dhihaka wala kuyahamisha kwa siri. Lakini kutoyadhihaki ni jambo moja, na kufungua lango ni jambo jingine.

Wako wasemao kwamba mila itawaokoa. Ni kweli kwamba Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inatambua amana za kimila, yaani pale mtu mmoja aandikwapo katika hati lakini ameshika ardhi kwa niaba ya jamaa zake. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi iliyotoka Meru, ilithibitisha kwamba amana hizo zina nguvu hata kama hazikuandikwa katika daftari. Lakini mahakama hiyo ilitaja pia masharti: ardhi iwe ilikuwa ya jamaa au ya ukoo kabla ya kuandikishwa, mdai awe wa jamaa hiyo na asiwe wa mbali mno, na yule anayedaiwa awe naye ni wa jamaa hiyo hiyo. Mnunuzi wa lango la chuma si wa ukoo wao. Njia ya mila, iliyo pana kati ya ndugu na ndugu, yawa nyembamba sana ifikapo kwa mgeni aliyelipa fedha zake.

Nchi nyingine zimeliandika jambo hili bila kificho. Afrika Kusini, katika sheria yake ya 1997 juu ya usalama wa wakaao katika mashamba ya watu wengine, ilimpa kila mtu haki ya kuzuru na kutunza makaburi ya jamaa yake yaliyo katika ardhi ya mwingine, kwa masharti ya haki yatakayowekwa na mwenye ardhi. Katika jimbo la Virginia, huko Marekani, mwenye shamba lenye makaburi yampasa kuwaruhusu jamaa za wafu kuingia na kutoka. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 haina kifungu kilicho wazi namna hiyo. Inayo haki ya kupita, ambayo shamba moja laweza kupewa juu ya shamba jingine. Na mwenye kipande kilichozungukwa pande zote aweza kuiomba mahakama amri ya kupewa njia. Lakini haki ya kwanza yahitaji mapatano na kuandikwa, na ya pili yahitaji mtu awe bado na kipande chake. Aliyeuza chote, pamoja na makaburi, hana cha kushika.

Jamaa hawa walikuwa na bahati, kwa maana sehemu ya kaka ilikuwa haijauzwa, nayo yapakana na shamba la mnunuzi. Ndugu mdogo, kwa kuona haya, alitoa shauri la kuihamisha mifupa. Dada akakataa: "Mama alichoka kuhama alipokuwa hai." Basi wakaenda kwa naibu wa chifu, na wazee wa pande zote mbili wakaitwa. Hilo si jambo la kienyeji tu, kwani Katiba ya 2010 yenyewe yahimiza magombano ya ardhi yamalizwe kwa njia za wananchi zinazokubalika.

Siku ya kikao dada ndiye aliyezungumza kwanza. Alimwambia mnunuzi, "Mwanangu, sitaki udongo wako. Nataka kung'oa majani." Maneno hayo yalilegeza mambo kuliko hoja zote. Kisha karani akaandika. Kutakuwa na njia ya upana wa mita mbili kando ya uzio, kutoka shamba la kaka hadi makaburini. Jamaa watatoa habari siku moja kabla ya kuja. Mnunuzi hatalima wala kujenga juu ya makaburi. Hakuna maiti mwingine atakayezikwa pale. Na jamaa wanakiri kwamba makaburi hayo hayawapi dai lo lote juu ya shamba. Sharti hili la mwisho ndilo lililofungua kufuli. Wakaafikiana pia kumwita mpima ardhi, ili haki ya kupita iingizwe katika daftari na imfunge hata mnunuzi mwingine atakayekuja. Juma lililofuata dada alipita katika njia hiyo na panga lake, na mwenye shamba akampelekea maji ya kunywa.

Si kila jamaa itakayopata mnunuzi mwenye kusikiliza, wala si kila jamaa iliyobakiwa na shamba la kupakana naye. Kwa hiyo anayekusudia kuuza yampasa kuyataja makaburi kabla ya kutaja bei. Ikiwezekana, amwite mpima akikate kipande cha makaburi, kipate namba yake na njia yake, na kiandikwe kwa majina ya wana wote, wa kiume na wa kike. Ikiwa haiwezekani, basi haki ya kupita iandikwe katika mapatano ya kuuziana na ipelekwe katika daftari la ardhi. Naye anunuaye aulize mapema, "Ni nani aliyelala hapa, na watu wake ni akina nani?" Swali hilo halipunguzi thamani ya shamba, humwepusha na maadui asiowajua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya mali, lakini njia ya kwenda kwenye kaburi la mama nayo hupotea vivyo hivyo.